Jicho Juu ya Bati

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Wifi yako anashona sare za shule mpaka chumba cha mbele hakipitiki, na mimi naendelea na mapaa yangu kama kawaida. Naandika kwa sababu kwa mdomo mimi na wewe hatumalizi jambo bila kugombana, na hili nataka nijibiwe kwa utulivu.

Kuna jamaa mmoja hapa kazini anataka kununua zile droni ndogo za kamera, zinazokunjwa zikaingia kwenye mfuko wa koti. Amesikia kwamba wewe ni fundi wa kamera na kwamba vidude hivyo vikianguka huletwa mezani kwako, basi ameniomba nikuulize. Uzuri wake ni upi na ubaya wake ni upi? Kweli picha inaonyesha kitu kidogo, tuseme kichwa cha msumari? Inapiga kelele kiasi gani? Mtu aliye ndani ya nyumba ataisikia? Na anayeirusha akisimama nyuma ya ukuta, watu wanaweza wasijue kwamba ni yeye?

Huyo jamaa ni mtu mzima, mikono yake imezoea nyundo, kwa hiyo mweleze kama mtu asiyejua kitu. Na tafadhali usimwambie wifi yako. Si siri, ila unajua anavyopenda kuuliza maswali.

Mdogo wako,
Kipanga


12 Februari

Kipanga,

Marahaba. Msalimie sana huyo jamaa yako, mwenye mikono kama yako na woga wa mke kama wako.

Naanza na uzuri, usije ukasema mimi kazi yangu ni kukatisha watu tamaa. Kidude ni chepesi, hizi ndogo nyingi hazifiki uzito wa robo kilo ya sukari. Ukiachia vidole kinasimama hewani palepale kinakungoja, jambo ambalo wanaume wengi limewashinda. Kamera yake imening'inizwa kwenye kimkono kinachotuliza mtikisiko, kwa hiyo picha haichezi hata kidude chenyewe kikicheza. Kichwa cha msumari atakiona, na kutu yake ataiona, mradi kuna mwanga wa jua. Jioni picha inakuwa uji. Mawasiliano yakikatika kinajirudisha chenyewe kilipoanzia, na hapo ndipo watu wanapoanza kukipenda kama mtoto.

Sasa ubaya, na huu naujua zaidi maana ndio unaonilisha. Boksi litamwambia betri inakaa nusu saa. Ahesabu dakika ishirini, na siku ya upepo asihesabu kitu, kwa sababu huo wepesi niliousifu ndio upepo unaouchezea. Za bei nafuu haziangalii pembeni wala nyuma. Nusu ya zilizoko mezani kwangu zilirudishwa kinyumenyume mpaka kwenye mti, mwenyewe akiwa ameinamia kioo anasifia picha. Kile kimkono cha kamera kina waya mwembamba, pigo moja unakatika, na kuubadilisha kunataka subira kuliko macho yangu ya siku hizi. Asikirushe kutoka juu ya bati, chuma kinavuruga dira yake. Aulize kwanza ofisi inayohusika sheria zinasemaje kwenu, asingoje kuulizwa yeye.

Kelele ni ya nyigu waliofungiwa kwenye kopo. Aliye ndani atasikia. Na watu hawapendi, Kipanga. Mtu anayeanika nguo zake uani hajui kama wewe unatazama bomba la maji ya mvua. Yeye anaona jicho limemsimamia, basi.

Hilo swali la kusimama nyuma ya ukuta limenikaa vibaya. Mtu mwenye shughuli halali anajificha nini?

Dada yako


21 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo. Nimekaa na jambo mpaka limenishinda, na wa kumwambia ni wewe tu, kwa sababu ni damu yako na hutamtangaza.

Mdogo wako harudi tena mchafu. Cheka kwanza, halafu nisikilize. Tangu anioe natia viraka kwenye magoti ya suruali zake, maana fundi wa paa kutwa kucha amepiga magoti juu ya bati. Nimezoea kuweka mabaki ya sare kwa kazi hiyo. Tangu mwaka huu uanze sijashona kiraka hata kimoja. Suruali inatoka asubuhi ikiwa nzima na jioni inarudi nzima. Shingo haijaungua na jua, kucha safi. Bonge, yule mwenzake anayeshikilia ngazi, anapita hapa amepauka vumbi, naye mume wangu yuko pembeni yake kama karani wa benki.

Si hilo tu. Amenunua viatu visivyo na kamba, vya kutumbukiza mguu, wanavyovaa vijana. Nilipomuuliza akasema kuinama kufunga kamba ni kupoteza muda. Na asubuhi nyingine anakaa ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, anatazama ukuta. Nikimuuliza anawaza nini, ananiambia lala. Mtu anayewaza namna hiyo, wifi, anamuwaza mtu.

Simjui ni nani, na sijamshika na chochote. Ukijua kitu niambie hata kama ni kibaya. Nikiujua ukweli nitalia, nitanawa uso, nitarudi kwenye cherehani yangu. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Wifi yako anayekupenda


27 Februari

Kipanga,

Sina salamu leo.

Habari za nyumbani kwako zimenifikia, usiniulize zimepita njia gani. Nimeziweka karibu na yale maswali yako nikaona zinafanana. Unataka kujua kama mtu aliye ndani atasikia. Unataka kusimama nyuma ya ukuta. Unataka kuangalia kwa juu kama mkeo yuko nyumbani au katoka, ili ujue una nafasi ya kwenda huko unakokwenda ukarudi na nguo safi. Jamaa wa kazini, eti. Mimi nimekubeba mgongoni, utanidanganya mimi?

Uzuri wote niliokuandikia naufuta. Sitakuuzia, sitakutafutia, na ukinunua kwingine kikaanguka usiniletee. Tena yule mwanamke unayemzungushia akili ndiye aliyekaa na mama yetu alipougua, wakati mimi na wewe tulikuwa tunakuja na kuondoka. Kama umemchoka, mwambie usoni. Usimtumie mdudu.

Nimekasirika na nimeumia, vyote viwili.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Sijui umeambiwa nini wala na nani. Sina mwanamke. Sijawahi kuwa naye na sina hata nguvu ya kumtafuta. Nilipoisoma barua yako niliona aibu ya kitu ambacho sikukifanya, na hiyo ni aibu mbaya kuliko ya kweli.

Droni nimeshainunua, na ni yangu, umekisia sawa, hakuna jamaa. Ofisini nimeuliza kama ulivyosema, na karatasi yao ninayo. Ni kwa ajili ya kazi. Najifunza nyuma ya ghala saa ambazo hakuna watu, na mikono imeanza kuelewa. Sasa nataka kuijaribu kwenye paa ambalo nalijua msumari kwa msumari, nione kama picha inaniambia ukweli, na paa hilo ni la nyumba yangu mwenyewe. Nitangoja siku wifi yako akitoka.

Kwa nini nafanya kwa kificho sitakuambia sasa. Ningekuambia kama ningekuwa na jibu. Nina hofu tu, na hofu ya mtu mzima haina pa kuipeleka.

Nakuomba usinihukumu bado.

Kipanga


15 Machi

Wifi,

Shikamoo, na ukae kitako kabla hujaendelea.

Jana nilimuaga mdogo wako kwamba napeleka sare shuleni, nitarudi jioni. Uongo mtupu. Nilizunguka kwa jirani, nikaingia kwa mlango wa uani, nikajibanza nyuma ya tangi la maji nikiwa na ule mti wa kuinulia kamba ya nguo. Nilijiambia leo huyo mgeni wake akija nitamuona kwa macho yangu mawili.

Nikasikia mvumo nyuma ya ukuta. Kikatokea kidude cha kijivu chenye jicho kifuani, kikapanda, kikazunguka paa letu taratibu kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Kisha upepo ukakisukuma, kikayumba, kikashuka upande wangu mpaka usawa wa kamba ya nguo, kikageuka kikanitazama. Wifi, nilipandwa na hasira ambayo sikujua kama ninayo. Nikasema huyu bwana ananisaliti yeye, halafu mpelelezi ananiwekea mimi. Nikakipiga. Kilikwenda kutua ndani ya beseni la mashuka niliyoloweka, kikatoa povu, kikanyamaza.

Mara lango likafunguka, mume wangu huyo anakuja mbio, rimoti inamning'inia shingoni. Alipofika kwenye nguzo akaishika, akateremka nayo polepole mpaka chini, macho yanacheza. Nikadhani ananiigizia. Nikamwambia simama uniambie ni nani. Akasema, "Siwezi kusimama. Dunia inazunguka. Nishike."

Nikamshika. Akasema yote pale pale chini, amefumba macho. Kwamba mwishoni mwa mwaka jana alikuwa juu ya paa la karakana, akainama kukaza msumari, bati zikaanza kuzunguka. Akalala kifudifudi amelikumbatia paa mpaka Bonge akampandia na ngazi. Aliwaambia anasikiliza panapovuja. Tangu siku hiyo hajapanda tena. Kila kazi ana kisingizio, mara goti, mara anamsubiri mteja, na vipimo anavikisia kutoka chini mpaka bati zimeletwa pungufu mara mbili. Ndiyo maana ya hicho kidude, aone paa bila kupanda na bila mtu kujua kwamba hapandi. Nyumbani akiinama, kizunguzungu. Akiamka haraka, kizunguzungu. Amejiaminisha ana uvimbe kichwani, na hospitali haendi kwa sababu anaogopa kuambiwa.

Wifi, nilicheka. Mungu anisamehe. Mume wangu ananiambia huenda anakufa na mimi nacheka mpaka nimekaa naye kwenye maji ya sabuni, kwa sababu hakuna mwanamke. Nilipomaliza kucheka nikaelewa nilichoambiwa, nikalia mpaka jirani akachungulia. Angeanguka siku ile, ningebaki na suruali zake zisizo na viraka, ninamlaani.

Nimemwambia hospitali tunakwenda wote wawili. Amekubali bila kubisha, na hilo nalo limenitisha.

Wifi yako


19 Machi

Mdogo wangu Kipanga,

Wifi ameniandikia. Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Mteja alikuwa mbele yangu ananiuliza kamera yake imepona, nikamwambia ngoja kwanza mdogo wangu hajaanguka.

Maneno yangu ya mwezi uliopita nayarudisha yote, nisamehe. Ila na wewe ulinipa maswali ya mwizi nikujibu kama nani? Ungeandika "Dada, napata kizunguzungu, naogopa kupanda," ningekuja na basi la asubuhi. Tulikuita Kipanga kwa sababu utotoni ukikosekana tunakutafuta juu ya kitu. Hakuna aliyesema ukishuka jina tutakunyang'anya.

Sasa fuata maagizo. La kwanza, hospitali, na usimeze maelezo. Daktari mwambie kizunguzungu kinakuanza saa ngapi, ukigeukia upande gani, kinakaa muda gani. La pili, droni usiiwashe ikiwa na maji. Itoe betri, na hiyo betri usiitumie tena hata kama inaonekana nzima. Iweke nje mbali na nyumba mpaka uulize pa kuitupa, maana zikilowa huweza kushika moto zenyewe. Mwili wake nitumie. Nilisema usiniletee, najua, niletee. La tatu, mwambie Bonge na wenzako. Mtu anayeshika ngazi yako ana haki ya kujua kichwa chako kikoje.

Majibu ya daktari niandikie siku hiyo hiyo, mabaya au mazuri. Silali vizuri.

Dada yako


10 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Siku ile ile ya daktari wifi yako alishakutumia habari, lakini nataka uisikie kwangu.

Si uvimbe. Dada, si uvimbe. Daktari alinilaza kitandani, akanigeuza kichwa upande mmoja ghafla, akanitazama macho huku chumba kizima kinanizunguka, akasema, "Ah, ni sikio hili." Kumbe ndani ya sikio kuna chembechembe ndogo, na zangu zimehama mahali pake. Akanigeuzageuza kichwa kwa utaratibu wake, akanikalisha, akaniita tena wiki iliyofuata. Sasa nainama, naamka, dunia imetulia. Amesema inaweza kurudi, ikirudi nirudi kwake. Kupanda paa amesema ningoje kwanza, na hata nikiruhusiwa nisipande peke yangu. Nilimshukuru mpaka akaniomba niache. Wifi yako ndiye aliyelipia teksi ya kurudi, alisema furaha kama hiyo haitembezwi kwa miguu.

Bonge na wenzake niliwaambia kabla ya kazi, tukiwa bado tunapakua bati. Nilitayarisha maneno usiku kucha. Nilipomaliza, Bonge akasema, "Mkubwa, mtu hasikilizi panapovuja siku ya jua." Walijua. Walikuwa wanabishana wao kwa wao nani aniambie, na kila mmoja ananiogopa. Bati zilipoletwa pungufu walikuwa wanamalizia usiku kwa mabaki ya kazi nyingine ili mteja asione. Niliona haya, halafu nikahisi wepesi ambao sijaujua tangu karakana. Mzigo nilioubeba peke yangu, kumbe watu wanne walikuwa wameushika upande wa pili.

Droni uliyoitengeneza imefika, na jicho lake linaona vizuri kuliko langu. Nakupa sasa hesabu yangu mwenyewe, usidhani nimekuwa muuzaji. Kwa upepo wa mchana haifai, tunairusha asubuhi. Inaonyesha juu ya bati, haionyeshi mbao iliyooza chini yake, wala haiwezi kubonyeza kwa mguu ikakuambia panadidimia. Kabla ya kuirusha inabidi nigonge milango ya majirani wote niwaeleze ninachofanya, na mmoja alinikatalia mpaka nikamwonyesha kwenye kioo kwamba uani kwake sielekezi. Betri zinaisha katikati ya sentensi. Lakini juzi tuliitwa kwenye ukumbi wa zamani, na kabla mtu hajaweka ngazi tuliuona mstari mzima wa misumari iliyoliwa na kutu karibu na kofia ya paa, ile bati ya kileleni. Pale pale ndipo mimi huanzia kutembea. Nimepanda mapaa kwa mtindo huo tangu nianze kazi. Bonge alikitazama kile kioo, akasogeza ngazi upande mwingine.

Kwa hiyo mimi nabaki chini. Sijui kama ni kwa muda au moja kwa moja, na sioni haja ya kujua wiki hii. Vipimo vyangu sasa vimenyooka na wenzangu wananiuliza mambo badala ya kunikwepa.

Mdogo wako,
Kipanga


24 Aprili

Wifi yangu,

Shikamoo. Leo ni Jumapili na mdogo wako amelala mchana kwenye mkeka wa sebuleni, anakoroma wazi. Nimekaa pembeni yake, kazi haisongi kwa kumtazama.

Nilifurahi uliposema utakuja mwezi ujao. Sare za chumba cha mbele nitazihamishia chumbani kwetu, utapata pa kulala. Mwambie na wewe akurushie hicho kidude ukione kinavyofanya kazi kikiwa kizima, maana wewe siku zote unaletewa maiti. Mimi bado sikipendi. Kelele yake inanipandisha mori, na nimemwambia mpaka wa kamba ya nguo asiuvuke. Lakini kikiruka najua yeye yuko ardhini, kwa hiyo naistahimili.

Kuna kitu nataka kukuambia ambacho sijamwambia yeye, kwa sababu ataona nilikuwa nateseka na ataanza kuomba radhi. Tangu nimeolewa, simu ikiita kwa namba nisiyoijua, mkono wangu unakufa juu ya gurudumu la cherehani. Naiacha iite. Nahesabu ni paa gani alilokwenda leo, lina urefu gani, chini yake kuna saruji au udongo. Ndipo napokea, na kila mara ni mteja tu, au mtu aliyekosea namba, na mimi nimeshamzika mume wangu kabla ya kusema haloo. Sikujua kama nafanya hivyo. Niliona ndivyo watu wanavyopokea simu.

Alhamisi mchana nilikuwa napinda sketi, simu ikaita, namba ngeni. Nilimaliza upindo, nikakata uzi kwa meno, nikapokea. Alikuwa mama mmoja anauliza kama nashona na mapazia.

Wifi yako